Gari ya turbo iliyokufa injini: ujue kwanza imeuliwa na nini

Haya jamani tuanze, mliosimama huko nyuma sogeeni, viti bado vipo huku mbele. Leo nataka tuongee kuhusu hizi gari za turbo zinazouzwa injini imeshakufa. Bodi safi, siti safi, bei imeshuka mpaka mtu unahisi ukichelewa utaikosa, na muuzaji anakwambia we tafuta injini nyingine funga, unaendesha.

Msimamo wangu nausema mapema: usianze kupiga hesabu ya injini mpya kabla hujajua ile ya zamani imeuliwa na nini. Gari isiyo na turbo unaweza ukabahatika, ila hii ya turbo kilichoua injini mara nyingi bado kimo humo humo ndani ya gari, na injini utakayoleta itakikuta.

Nieleze kwa nini. Turbo inazungushwa na moshi wa ekzosti, upande mmoja kuna feni inayopigwa na moshi, upande wa pili kuna feni inayosukuma hewa kwenda kwenye injini, katikati ni shafti moja fupi, basi. Hiyo shafti inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na zile turbo ndogo za gari ndogo zinavuka 200,000, huku moshi wa injini ya petroli unaopita pale unaweza kufika nyuzi joto 900. Na turbo nyingi hazina beringi za gololi, shafti inaelea juu ya utando mwembamba wa oili, tena oili hiyo hiyo inayozunguka kwenye injini. Kwa hiyo injini ikichafua oili turbo inakunywa uchafu, na turbo ikivunjika vipande vinaenda kwenye injini, hakuna anayekufa peke yake pale.

Wazo lenyewe la zamani sana, Alfred Büchi wa Uswisi alilipatia hataza mwaka 1905. Mwaka 1962 Wamarekani wakaanza kuuza gari za kawaida zenye turbo, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair, na ile Jetfire ilikuwa na tenki lake dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, yanapuliziwa ndani ili petroli isilipuke kabla ya wakati. Yaani shida ya joto waliijua toka siku ya kwanza.

Sasa umefika kwenye gari. Usiwashe, na muuzaji akitaka kukuonyesha kwamba inawaka mkatalie kwa heshima. Omba ruhusa ya kumwaga oili kwenye karai safi, mwanga wa jua, halafu itikise taratibu uangalie. Oili nyeusi haikwambii kitu, unachotafuta ni mng'ao. Ukiona chenga zinameremeta kama rangi ya gari ya metaliki hizo ni beringi za konrodi (mkono unaoshika pistoni) au za kranki (mhimili mkuu wa injini) zimesagika. Halafu chukua oili filta, ikate kopo lake, toa ile karatasi ya ndani, ikunjue mkunjo mmoja mmoja na upitishe sumaku. Kinachonasa ni chuma, kinaweza kuwa cheni ya taiming au kranki yenyewe. Kisichonasa ila kinang'aa, hapo fikiria beringi au pistoni. Filta inasema ukweli kuliko mtu yeyote atakayekuwa amesimama pale, mimi hiyo ndiyo naiamini kwanza.

Kama oili ina maziwa maziwa, maji yameingia, mara nyingi gasketi ya hedi imeungua au hedi imepasuka, na hapo angalau ukishajua kwa nini ilichemsha kazi ina mwisho. Kama oili safi lakini silinda moja haina kompresheni (haibani hewa), ingiza kamera ya waya kwenye tundu la plagi uangalie pistoni. Pistoni iliyotoboka au kumeguka pale kwenye ringi, waulize kama kompyuta ya gari ilichezewa ili turbo isukume zaidi, na usiishie kwenye majibu yao, angalia injekta, pampu ya petroli na vali inayopunguza presha ya turbo, maana moja ya hivyo ikiwa mbovu injini mpya inaenda njia hiyo hiyo.

Halafu toa paipu ya hewa kwenye turbo, shika ncha ya shafti kwa vidole. Kucheza kidogo sana kushoto kulia ni kawaida, ila ukivuta na kusukuma ikaenda mbele nyuma, au visu vya feni vimekwaruza ukuta, turbo imekwisha. Chungulia na intakula, yaani kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, kama ina oili imejaa au vipande vya aluminiamu basi usidanganyike kwamba utaipuliza na upepo ikatoka yote. Kwa dizeli hili ni zito zaidi, turbo ikivuja oili nyingi upande wa hewa injini inaanza kuchoma oili yake yenyewe, inapanda mizunguko, unazima swichi haizimi.

Ikishakuwa oili ina chuma, kwenye bajeti weka injini, turbo, kipoza oili, paipu nyembamba inayopeleka oili kwenye turbo na kichujio chake, na intakula kama huwezi kuwa na uhakika nayo. Kipoza oili hakisafishiki vizuri, njia zake nyembamba mno, kinashika chenga halafu kinaziachia baadaye kwenye beringi mpya. Watu wanabana pale, inaniuma kuona injini nzima inakufa kwa ajili ya kile kidude. Na kama ukikuta injini imeshafunguliwa, vipande viko kwenye maboksi, hakuna anayejua kipi kilikuwa wapi, lipa bei ya skrepa au ondoka, ushahidi umeshapotea.

Injini unayonunua iwe na kodi ile ile, yaani namba ya aina ya injini, na sampu, ile bakuli ya oili chini ya injini, ifunguliwe uone kichujio cha pampu ya oili kabla haijafungwa. Siku ya kuwasha, turbo imiminiwe oili kwenye tundu lake la juu kwanza, halafu chomoa injekta zisipige, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime, ndipo uwashe, na uiache sailensa, yaani iungurume taratibu yenyewe bila kukanyaga mafuta. Oili ya kwanza usikae nayo, imwage mapema, na filta uikate vilevile kama ulivyoikata ile ya kwanza.

Haya, naona mikono imeshanyooka, tuanze na huyu wa dizeli.