Ukuta Usiokuwepo: Kuchora Fankisheni za Namba Changamano

ATIENO: Karibuni katika kipindi chetu kutoka hapa Kisumu. Leo niko na Mwalimu Wafula, nami nimemletea shida yangu mwenyewe. Juzi usiku nilichora kipeuo cha pili cha z kwa lugha ya kompyuta ya Python. Hiyo z ni namba changamano, yaani yenye sehemu halisi na sehemu dhahania, ile inayobeba i, kipeuo cha pili cha -1. Nikaifanya sehemu dhahania ya jibu kuwa kimo cha grafu. Ukasimama ukuta, kuanzia sifuri hadi ukingo wa kushoto. Nilibadilisha rangi, nikasakinisha programu upya, lakini ukuta haukutikisika.

WAFULA: Pole, dada. Tuanze na hesabu ya vipimo. Namba unayoiingiza ina vipimo viwili, na jibu linalotoka lina viwili vingine. Jumla ni vinne, ilhali picha ina vitatu tu. Ni lazima basi uchague kitakachopanda juu: sehemu halisi, sehemu dhahania, ukubwa au pembe. Wewe ulichagua. Asiyechagua huamuliwa na programu: MATLAB, programu ya hesabu, hukataa kabisa kuchora uso wenye kimo changamano, na NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, ukiigeuza safu ya namba hizo kuwa ya namba halisi, huitupa sehemu dhahania na kuacha onyo la mstari mmoja.

ATIENO: Maonyo hayo huwa nayapita bila kuyasoma.

WAFULA: Wengi wetu tuko hivyo. Sasa niambie, ulitumia nukta ngapi?

ATIENO: Arobaini kwa arobaini, kutoka -4 hadi 4 kila upande.

WAFULA: Basi programu haikuiona fankisheni, iliona nukta 1,600 ikazishona kama wavu, na kila jicho la wavu lina upana wa takriban 0.2. Karibu na -4, juu kidogo ya mhimili halisi, kipeuo ni karibu 2i. Chini kidogo ya mhimili huo ni karibu -2i. Kila namba isipokuwa sifuri ina vipeuo viwili, na programu za namna hii huchagua kimoja tu, kiitwacho tawi kuu, ambalo limekatwa kando ya namba halisi hasi. Mshonaji hajui mkato huo, kwa hiyo huunganisha nukta mbili jirani, na kimo kinaporomoka kutoka 2 hadi -2 ndani ya jicho moja.

ATIENO: Nikisuka wavu wenye macho madogo kama ya wavu wa omena, ukuta utaondoka?

WAFULA: Hautaondoka, lakini fanya hivyo, kwa maana hilo ndilo jaribio ninaloliamini kuliko jingine lolote. Weka nukta 80 badala ya 40, kisha uangalie. Mteremko wa kweli utabaki na umbo lake, ukizidi kuwa laini tu. Ukuta wa mshono utabaki na kimo chake cha 4 huku unene wake ukipungua nusu. Ncha ya kweli, yaani mahali fankisheni inapopanda bila kikomo, nayo itakua: chora ukubwa wa 1/z, na kilele kitakachofika karibu 7 kwa nukta 40 kitapanda hadi karibu 14 kwa nukta 80, na hakitaacha kupanda.

ATIENO: Nimewahi kuweka 41, nikapata shimo pale katikati.

WAFULA: Nukta moja iliangukia sifuri yenyewe, na huko hakuna thamani ya kuchorwa. Napendelea idadi shufwa, pamoja na dari ya kimo, tuseme 5, kwa sababu ncha moja ndefu huibana picha yote iliyosalia ikawa bapa kama tambarare za Kano.

ATIENO: Na ukuta wangu?

WAFULA: Acha gridi ya mraba. Tumia umbali r kutoka sifuri na pembe kutoka digrii -180 hadi 180, ili kingo mbili za wavu zilale juu ya mkato wenyewe. Hakuna jicho litakalouvuka. Ukitaka kuona matawi yote mawili, endesha pembe mizunguko miwili, digrii 720, lakini usikiite tena kipeuo cha programu, maana kitakurudisha kwenye tawi kuu. Andika mwenyewe kipeuo cha r mara sine (sin) ya nusu ya pembe. Uso utajipenya juu ya mhimili halisi chanya. Hapo usihangaike kutafuta hitilafu: vipimo vitatu havitoshi kuyatenganisha matawi hayo.

ATIENO: Nina mchoro mwingine, kipeuo cha z mraba toa 1. Huo una ukuta kando ya mhimili wima wote.

WAFULA: Jaribu kuuandika kama kipeuo cha z toa 1, mara kipeuo cha z jumlisha 1.

ATIENO: Si ni kitu kilekile, Mwalimu?

WAFULA: Shuleni, ndiyo. Weka -2: njia ya kwanza inatoa 1.73, na ya pili inatoa -1.73, kwa sababu kila kipeuo kina mkato wake.

ATIENO: Ngoja niandike... Wa wima umetoweka. Umebaki mfupi, kati ya -1 na 1.

WAFULA: Huo usiufukuze. Kushona juu yake ni kosa la wavu, lakini mruko wenyewe ni wa fankisheni.