Mwaka Mmoja Korea Hautoshi kwa Asiyejua Kuamkia

Wazazi wangu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mnaosubiri kuanza chuo: nimelisema jambo hili katika kumbi nyingi na leo nalirudia, kwa sababu bado naletewa vijana wanaotaka kukaa Korea Kusini mwaka mzima, na swali lao la kwanza ni wapange chumba mtaa gani wa Seoul. Hakuna anayeuliza atamwamkiaje mwenye nyumba.

Habari za alfabeti ya Hangul nazipita. Mnajua kwamba Mfalme Sejong aliitangaza mwaka 1446, na kwamba herufi zake 24 kijana makini huzimaliza kwa siku chache. Hapo ndipo tunapodanganyika, tukadhani kwamba anayesoma kibao cha kituo cha treni ameijua lugha.

Mimi mwaka wangu niliutumia Jeonju, kusini-magharibi mwa nchi. Kila asubuhi nilipita sokoni kwa bibi mmoja muuza mboga. Vijana niliocheza nao mpira walikuwa wakisalimiana «Bap meogeosseo?», yaani umekula?, nami nikaamini nimepata salamu ya wenyeji, nikampelekea bibi yule. Aliacha kufunga mafungu yake ya vitunguu, akanitazama kimya, kisha akaniuliza nina umri gani. Nilipomjibu, alinivutia kiti na kunifundisha, polepole, kama anavyofundishwa mtoto: kwa mtu wa rika lake chakula hakiitwi bap, huitwa jinji, na hata kitenzi cha kula hubadilika chote. «Jinji deusyeosseoyo?» Nililirudia mpaka akaridhika, ndipo akaniuzia mchicha. Kuanzia siku ile alinisemesha kila nilipopita, na Kikorea nilichokipata pale kwenye kiti chake kilinifaa kuliko kile cha kitabuni.

Najua mtakalosema: sisi tuna shikamoo, heshima hatufundishwi na mtu. Ni kweli, na inatusaidia kuelewa upesi kwa nini mezani hatutangulii kushika kijiko kabla ya mkubwa, au kwa nini kitu hupokewa kwa mikono miwili. Lakini shikamoo yetu ikishaitikiwa marahaba, sentensi inayofuata haina tofauti kubwa na ile unayomwambia rafiki. Katika Kikorea heshima imeingia ndani ya kitenzi chenyewe, nayo haikuachi mpaka mwisho wa mazungumzo, kiasi kwamba kila unapofunga sentensi unatangaza unamweka wapi unayezungumza naye. Kwa hiyo msikasirike mkiulizwa umri siku ya kwanza. Anayekuuliza anatafuta kitenzi cha kukusemesha.

Wengine huniambia kwamba tamthilia za Kikorea zimekwisha kuwafundisha. Zimewafundisha maneno ya wapenzi na ya mabosi wenye hasira! Mkayatumie hayo kwa karani wa benki, kisha mje mnieleze.

Muda unanibana, kwa hiyo mengine nayataja mbiombio. Jiandikisheni katika kituo cha lugha cha chuo kikuu, ambako muhula kwa kawaida ni wiki 10 zenye saa 200 za darasani, nanyi mtapata mihula minne kwa mwaka. Wenye ndoto ya shahada waitazame GKS, ufadhili wa serikali ya Korea, ambao kwa kawaida hutanguliza mwaka mmoja wa lugha. Kaeni nje ya Seoul angalau muhula mmoja. Mwezi wa Novemba, mkialikwa kwenye kimjang, siku ya familia kutengeneza kimchi, yaani mboga za kuchachusha kwa viungo, ya msimu wa baridi, nendeni mkabebe kabichi na kupaka viungo, maana siku hiyo mtasikia vizazi vitatu vikisemeshana chumba kimoja, kila kimoja kwa vitenzi vyake. Na wazazi, viza ya masomo ya lugha, D-4, haimruhusu mtoto kufanya kibarua katika miezi sita ya mwanzo. Fedha za miezi hiyo ziwe tayari kabla hamjanunua tiketi.