Wakimbiaji wa Tanga na Ardhi Wanayoikanyaga

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, viongozi wa vikundi vya mbio, ndugu zangu wa Tanga, asalaam aleikum.

Walionisikia nikilisema jambo hili zamani, kwamba mkimbiaji ndiye anayepaswa kuyalinda maeneo ya wazi anayopita, watanivumilia, kwa sababu nitalisema tena, na leo nitalirefusha kwa kuwa naona bado halijaingia. Watu wanaotoka Mkwakwani alfajiri, wakapita Bombo hadi Raskazoni, ndio raia pekee wanaoyaona maeneo ya wazi ya mji huu kila siku kabla ofisi hazijafunguliwa. Mpima ardhi huja mara moja na afisa misitu huja anapoitwa, lakini mkimbiaji hupita kila kukicha, na kwa hiyo ndiye wa kwanza kuona mchanga uliomwagwa usiku, vigingi vilivyochomekwa pasipo tangazo, na mwembe uliobanduliwa gome kuzunguka shina ili ufe taratibu, kisha uombewe kibali cha kukatwa kwa kisingizio kwamba umekauka wenyewe. Anayaona yote hayo, anatazama saa yake, anaongeza mwendo.

Tuutazame msitu wa Karura, Nairobi, wenye hekta zipatazo 1,000. Mwaka 1998 ilibainika kwamba sehemu zake zimegawiwa watu binafsi ili wajenge. Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira wa Kenya, na wenzake walikwenda pale na miche, si na mabango peke yake, na mwezi Januari 1999 walipigwa langoni na walinzi hadi yeye akapasuliwa kichwa. Alipokwenda kuandikisha taarifa polisi, aliitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Kufikia Agosti mwaka huo Rais Moi alikuwa amepiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Wengi wanaoisimulia habari hii huishia hapo, wakapiga makofi, nami ndipo ninapokosa subira, kwa sababu sehemu inayotuhusu sisi ndiyo kwanza inaanza.

Msitu ulikuwa umeokolewa, lakini haukuwa na watu. Kwa miaka mingi baadaye mkazi wa Nairobi aliogopa kuingia Karura kwa sababu ya wanyang'anyi, na msitu unaoogopwa hauna mtetezi, maana hata ukimegwa hakuna atakayejua. Kilichobadilisha hali ni kwamba wakazi waliunda chama chini ya sheria ya misitu ya mwaka 2005, wakashirikiana na serikali kuweka uzio na walinzi na kutengeneza njia, kisha wakaingia wao wenyewe kutembea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Leo wanalipa kiingilio na wanaijua kila kona. Mtu akitaka kuumega msitu ule sasa, atakabiliana na umati wa watu waliozoea kupita pale.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba yeye anakimbia kwa ajili ya sukari na presha, na kwamba daktari hakumtajia habari za viwanja. Ndugu yangu, daktari alikuagiza ukimbie, naye alidhani utapata pa kukimbilia. Jua la Tanga la saa mbili asubuhi unalijua. Ikiondolewa miti ya barabara unayopita, mazoezi yatabaki ya wenye fedha za kulipia ukumbi wenye feni, na wewe utarudi kwa daktari.

Na tafadhali, nisijibiwe kwa fulana. Kila mara ninapozungumza haya, kikundi fulani huniambia kwamba kilivaa fulana zake, kikapanda miche na kupiga picha. Nauliza nani aliimwagilia wakati wa kiangazi, nao wanatazamana.

Nikiri pia kwamba mkimbiaji si malaika. Mbio za bure za kila Jumamosi zilizoanzishwa na Paul Sinton-Hewitt katika bustani ya Bushy Park, London, mwaka 2004, zikiwa na wakimbiaji 13, zimeenea nchi nyingi. Lakini mwaka 2016 halmashauri ndogo ya eneo la Stoke Gifford, karibu na Bristol, iliamua kuwatoza ada kwa hoja kwamba wanazichakaza njia za bustani. Nadhani halmashauri ile ilikosea, ila hoja ya uchakavu ni ya kweli, na anayetumia bustani ya Jamhuri kila siku bila hata kuokota chupa moja hana uso wa kulilalamikia jiji.

Nilikusudia kuzungumza kwa urefu juu ya mikoko, lakini naona katibu ananionyesha saa. Niseme tu kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ufuo ndani ya mita 60 kutoka baharini, na ninyi mnaojisifu kwa mbio za mita 100 hamwezi kuniambia kwamba hamjui kukadiria mita 60.

Ninachoomba ni kidogo. Kila kikundi kichague watu wawili, Jumatatu waende ofisi ya mtaa na kisha idara ya mipango miji, waombe kuonyeshwa kwenye ramani maeneo ya wazi yaliyo kwenye njia yao, wayaandike, na mkutano wa mtaa ukiitishwa wahudhurie wakiwa na orodha hiyo mkononi. Wakiambiwa ramani haipatikani, wanipigie simu, niende nao.