Mchawi wa Kitabuni Asifanane na Bibi wa Jirani

(Mhadhara kwa walimu wa darasa la kwanza na la pili na wachoraji wa vitabu vya watoto, Mbeya)

Shikamooni wakubwa zangu. Walionisikia mwaka jana kule Tukuyu wanajua ninakoelekea. Wanivumilie, maana vitabu bado vinachorwa vilevile: mchawi ni bibi kizee.

Kwamba mtoto anayeanza kusoma huisoma picha kwanza, mnalijua, KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, mnafundisha ninyi. Silirudii.

Niliwahi kuletewa rasimu ya kitabu cha picha, sentensi moja moja chini ya kila ukurasa. Mchawi ni bibi kizee. Mgongo umepinda, meno mawili, kitenge kimepauka, macho mekundu, kachuchumaa kwenye mafiga. Nikaipeleka darasa la kwanza, shule moja njia ya Uyole. Nikaziba maneno kwa kiganja, nikauliza: huyu nani? Darasa zima likapiga kelele: "Mchawi!" Nikaondoa kiganja, nikamwita mmoja asome. Mm... m-ch... Ikamshinda. Si ajabu, "mcha" ni mlima kwa mtoto aliyeanza shule Januari. Lakini kidole kilikuwa kimeshahama kwenye herufi, kiko juu ya yale macho. Akaniambia, "Kama bibi anayeuza majani ya maboga pale kwetu." Mmenielewa? Neno hajaliweza, mtu ameshampata!

Na macho yale yanatoka wapi? Ingieni jikoni kwa bibi yeyote wa huku mwezi wa Julai, baridi hii yetu, mlango umefungwa, kuni mbichi zinafuka. Apulize moto huo miaka hamsini, halafu mje mniambie yatakuwa na rangi gani. Kwa macho hayo, yakidhaniwa ni alama ya uchawi, wazee wanawake wameuawa nchi hii, Usukumani hasa. Na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tusijitie usafi: Njombe, mwanzoni mwa 2019, waliouawa walikuwa watoto, na imani za kishirikina zikatajwa.

Najua kuna anayesema moyoni, mbona Wazungu wanawasomea watoto wao wachawi na hakuna linalotokea? Kweli kabisa. Winnie the Witch, kitabu cha Valerie Thomas alichokichora Korky Paul, kilitoka 1987 na watoto wa Uingereza wanakicheka mpaka leo. Nyumba ya mchawi ni nyeusi tii, paka wake naye mweusi. Akifumba macho haonekani, basi anakaliwa. Mama mchawi anamgeuza kijani, bado ni balaa, anamgeuza rangirangi, ndege wanamcheka, paka anapanda mtini kwa aibu. Mwisho inayobadilishwa rangi ni nyumba, na paka anarudishiwa weusi wake. Nakipenda sana kitabu hicho. Lakini Uingereza iliacha kuwashtaki watu kwa uchawi kwa sheria ya 1735. Sheria yetu ya Uchawi ni ya 1928, na ipo. Mtoto wao akifunga kitabu, mchawi kabaki ndani. Wetu akifunga kitabu anatumwa mboga, na muuzaji ni nani?

Wala msiende kusema nimetaka wachawi wafutwe. Watoto wanawapenda, na mimi nimekuzwa kwa mazimwi! Mchoreni kijana. Mchoreni bwana mnene kavaa suti, kapotea njia angani, anamwuliza bundi Mwanjelwa iko wapi. Na kama anaruka, jamani, aruke na ungo! Kuna mchoraji wetu, wa hapahapa, kampandisha mchawi kwenye fagio. Mtoto mmoja akauliza: "Anafagia nini huko juu?" Nikakosa jibu, nanyi mngekosa.

Mwenyekiti ananionesha saa. Haya. Suala la ualbino lilistahili siku yake. Kwa leo nasema tu, mzuka msimchore mtu mweupe mwenye nywele za dhahabu, watoto wenye ualbino wana taabu za kutosha. Walimu, kitabu kibaya kikiwa kimeshafika shuleni msikichane. Wasomeeni, kisha wapeni penseli wamchore mchawi wao wenyewe, mtashangaa.

Wachoraji, kabla hamjapeleka kazi kwa mchapishaji, zibeni maneno, mkamwoneshe mtoto ambaye hajajua kusoma, mmwulize: unamjua mtu anayefanana na huyu? Akitaja jina, futa, chora upya.