Mashine Ikizima Kazini, Usikimbilie Kupiga Windows

Habari za asubuhi, mafundi wangu. Mliosimama kule nyuma sogeeni, viti vipo huku mbele.

Naanza na jambo ambalo wengine wenu mmenisikia nikilisema mara nyingi, na leo nalirudia kwa sababu bado halijasikika: kompyuta inayojizima ikipewa kazi nzito haiponi kwa kupigwa Windows, yaani kuwekewa Windows upya. Siku nzima inawaka vizuri, mtu anaandika barua, anasikiliza muziki, haina neno. Akifungua gemu au akianza kurenda video, yaani kuitoa ikiwa imeshahaririwa, dakika kumi tu, giza. Hapo anza na vitu viwili, joto na umeme. Na huvipati kwa kukodolea skrini macho. Unafungua kasha, unashika mita.

Kijana mmoja anayehariri video za harusi aliniletea mashine yake ikiwa imeshapita kwa mafundi watatu. Wa kwanza alipiga Windows. Wa pili alipiga Windows. Wa tatu alibadilisha RAM, kisha naye akapiga Windows, na safari hiyo akafomati diski nzima bila kumuuliza mwenyewe. Ndani mlikuwa na video ya send-off ya binti mmoja wa Mbagala, haijakabidhiwa. Kadi za kamera zilishafutwa zitumike kwenye shughuli iliyofuata. Bibi yake yule binti, aliyesimama siku ile akamtolea mjukuu wake nasaha, alikuwa ameshafariki wakati mashine inanifikia. Nilijaribu kuirudisha video kwa kila programu niliyo nayo. Nilipata vipande vifupi visivyo na sauti. Nasaha za bibi hazikupatikana.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinaizima. Nilitoa mfuniko wa ubavuni, nikaigusa hitisinki, kile chuma chenye feni kinachoipooza prosesa, kwa kidole kimoja. Ikacheza. Mnazijua zile hitisinki za Intel zinazokuja pamoja na prosesa, zenye pini nne za plastiki, moja kila kona, unabonyeza mpaka usikie tak. Tatu zilikuwa zimeshika. Ya nne, ya upande ambao mkono haupenyi vizuri kwa sababu ya nyaya za pawa saplai, lile boksi linaloilisha mashine umeme, ilikuwa imekalia tundu lake tu, haijaingia. Nikaing'oa hitisinki. Upande mmoja pesti, ile dawa ya kupitisha joto kutoka kwenye prosesa, imebanwa, nyembamba kama rangi ya kucha. Upande wa pili ile mistari ya kijivu iliyopakwa kiwandani imesimama vilevile, haijaguswa na kitu. Nikafuta, nikapaka pesti mpya, nikabonyeza pini zote nne, nikahakikisha kwa nyuma ya madabodi, ile bodi kuu, kwamba miguu imetokeza. Kwenye BIOS, ile skrini ya mipangilio kabla Windows haijawaka, ilikuwa inasoma nyuzi 80 bila kazi yoyote, ikashuka hadi 41. Tukarenda saa nzima na haikuzima. Kazi ya dakika ishirini, na diski haikuguswa.

Naona mkono umenyooshwa pale, nami najua unachotaka kusema, kwa sababu kila mwaka naambiwa: "Mwalimu, mbona mimi nilipiga Windows na tatizo likaisha?" Liliisha kwa siku ngapi? Uliibeba mashine, ukaipuliza vumbi kwa blowa, ukachomoa nyaya na kuzichomeka upya. Ukaweka Windows tupu isiyo na programu wala gemu la kuichosha. Ukaijaribu usiku, mji umepoa. Mteja akairudisha nyumbani, akaiweka kwenye chumba cha bati, saa nane mchana mwezi wa Januari. Hewa ya chumbani ikipanda nyuzi nane, prosesa nayo inapanda karibu hizo nane, maana haina pa kutolea joto ila kwenye hewa hiyohiyo. Jaribuni mashine kwenye joto inalokwenda kuishi nalo.

Kabla hujashika bisibisi, muulize mteja ilizima vipi. Tafadhalini, muulizeni! Joto mara nyingi huaga kwanza. Feni zinapiga kelele, kazi inakuwa nzito, kwa sababu prosesa ikikaribia kikomo chake, na kwa nyingi za Intel kikomo hicho ni karibu nyuzi 100, inajipunguza mwendo yenyewe. Ikishindwa ndipo inajikata isiungue. Ukiwasha papo hapo inazima tena haraka. Ukisubiri nusu saa inakaa kidogo. Pawa saplai haiagi. Gemu linakwenda kwa kasi yake ileile, mara kimya, na mara nyingine kitufe hakiitiki mpaka uchomoe waya ukutani usubiri kidogo. Majibu hayo mawili ya mteja ni nusu ya kazi yako.

Na msinionyeshe ile Kernel-Power 41 ya kwenye kumbukumbu za Windows mkasema mmepata ugonjwa. Ile kumbukumbu ina maana kwamba Windows ilipoamka ilikuta haikuzimwa kwa utaratibu. Nani aliizima, haisemi. Mtu anaisoma, anaona neno Windows, anakwenda kutafuta fleshi ya Windows. Hapana!

Sasa pawa saplai. Msisome wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Geuzeni, someni kibandiko kidogo, mstari wa volti 12. Nimekutana na pawa saplai imeandikwa wati 500, na kwenye volti 12 ina ampea 16. Zidisha: wati 192. Zilizobaki mtengenezaji amezihesabu kwenye volti 5 na 3.3, ambazo prosesa na kadi ya grafiksi hazizitegemei. Mteja amenunua kadi ya grafiksi ya RTX 3060, yenyewe peke yake wati 170. Ongeza prosesa ya wati 65. Umeshafika 235 kabla hujahesabu diski na feni. Akifungua barua mashine haizimi kwa sababu hapo hizo wati haizili zote.

Wengine mnaunganisha waya wa kijani na mweusi, feni inazunguka, mnasema pawa saplai nzima. Feni kuzunguka si kazi. Pimeni mashine ikiwa inarenda: ncha nyekundu ya mita kwenye waya wa njano, ndio wa volti 12, nyeusi kwenye mweusi. Isishuke chini ya volti 11.4. Njia ya uhakika zaidi ni kuazima pawa saplai nzuri, ukaijaribu mashine kwa kazi ileile iliyokuwa inaizima. Na naomba hili mlishike kuliko yote: msiifungue pawa saplai yenyewe kama hamjafundishwa. Kapasita kubwa ya ndani, inayohifadhi umeme, inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata waya ukiwa umechomolewa. Fundi akijishikisha pale anaweza asiinuke.

Muda unakimbia. UPS, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika: mashine ikizima umeme ukikatika tu, huenda UPS ni ndogo. VA 650 si wati 650, soma wati zake. Soketi na ekstensheni zilizolegea zishike kwa mkono, kama plagi ni ya moto umepata. Madabodi za zamani, angalieni kapasita zilizovimba vichwa. RAM kwa kawaida inaleta skrini ya bluu au mashine kuganda. Kuzima kama taa ni nadra kuwa yake. Kuhusu kadi ya grafiksi nilitaka kusema mengi, tutayaona kwa vitendo.

Ile mashine mezani imeletwa jana na mwenye steshenari ya hapo jirani, inazima akiprinti mabango. Data zake zote zimo, hana nakala. Wewe wa mbele, chomoa waya ukutani kwanza. Mwenzako atoe mfuniko wa ubavuni. Haya, kabla ya kitu kingine, gusa hitisinki.