Ulimi Hufundishika

Asanteni. Naomba wote waliolazimishwa utotoni kumaliza mboga wasiyoitaka wanyooshe mikono. Mh, wengi. Sasa mkono ubaki juu kwa yule ambaye leo anaipenda mboga ile kwa sababu alilazimishwa. Haya, nimewaona. Tuendelee.

Mtoto huzaliwa akipenda utamu na kukunja uso kwa uchungu. Si ukaidi. Sumu nyingi za mimea ni chungu, na binadamu ana aina zipatazo 25 za vipokezi, yaani vihisio, vya ladha hiyo. Akitema kijiko cha kwanza, mwili unajilinda. Ulinzi huo huzidi kuanzia miaka miwili hivi, umri ambao tayari ana miguu ya kufuata na kuokota chochote. Ndiyo maana mlaji mzuri wa jana hugeuka mchaguzi.

Dawa yake ni kuzoea. Mwaka 1982 mwanasaikolojia Leann Birch na mwenzake, huko Marekani, waliwaonjesha watoto wa miaka miwili vyakula wasivyovijua, vingine hadi mara 20. Kile walichokionja mara nyingi zaidi ndicho walichoelekea kukichagua. Nasema kuonja, kukitazama tu mezani hakutoshi. Mzazi anayekata tamaa mara ya tatu ameacha mapema mno.

Birch aliona pia hatari ya ile rushwa yetu tuliyoizoea: “Maliza mboga upate keki.” Mtoto si mjinga. Ukimlipa ili ale, umeshamwambia kwamba chakula chenyewe hakiliki bure. Binafsi naona hilo ndilo kosa kubwa la meza zetu, kuliko hata ukali.

Watu wazima je? Kahawa ni chungu kwa kila anayeianza. Tunaipitisha kwa maziwa na sukari, kafeini inatuchangamsha, na mwili unaihusisha ladha ile na uchangamfu. Baadaye sukari inapungua yenyewe. Pilipili ni ajabu zaidi, maana ukali wake si ladha: unaamsha kipokezi kilekile cha joto kali, ugunduzi uliochangia David Julius kupata Nobeli mwaka 2021. Mlaji mzoefu bado anahisi moto, ila ameshajua kwamba hauunguzi, na sasa anaufurahia.

Kwa hiyo ukitaka kujifundisha, onja ukiwa na njaa, kipande kama ukucha, pembeni ya chakula unachokipenda. Ukishindwa kumeza, tema, kesho ipo. Halafu jiulize unachukia nini hasa. Wapo wanaosema hawali uyoga, kumbe wanachukia utelezi. Ukaange hadi kingo zikauke, uone kama maneno ni yale yale.

Kuna chuki moja ngumu kuitoa. Mwaka 1955 John Garcia na wenzake walionyesha kwamba panya waliokunywa maji matamu huku wakipigwa mionzi ya kuwadhuru waliyakwepa maji hayo baadaye. Nasi ndivyo tulivyo: ukila kitu, ukatapika saa kadhaa baadaye kwa homa isiyohusiana nacho, tumbo linakilaumu chakula, hata akili ikikitetea. Hapo nenda polepole, ukianzia na pishi lisilofanana na lile.

Na kikikuwasha koo au kukuvimbisha midomo, usijizoeze. Huo ni mzio, mwone daktari.

Karibuni kwa maswali.