Stratford: Mji Uliowalipa Waigizaji Wasiigize

Wadau, mambo vipi, karibuni tena kwenye chaneli. Leo niko Stratford-upon-Avon, na kabla hamjauliza kwenye komenti: ndiyo, huku ndiko kwao Shakespeare, yule yule ambaye Mwalimu Nyerere alimtafsiri. Nyumba aliyozaliwa naipita, hiyo kila mtu anaipiga picha. Nimewaleta hapa Guildhall.

Cheki nguzo hizi za mbao zilivyobanana, katikati plasta. Ukumbi huu ulijengwa kati ya 1417 na 1420 na chama cha kidini cha Msalaba Mtakatifu. Hapa chini walikuwa wanakula karamu zao. Chama kikavunjwa 1547, na 1553 mji ukapewa halmashauri yake.

Sasa utamu ndio huu. Enzi hizo kundi la maigizo likifika mjini linapiga hodi kwanza kwa mkuu wa mji. Linaonyesha mchezo mbele yake na madiwani, wakiridhika wanatuzwa kwa hela ya mji. Mwaka 1569 mkuu alikuwa John Shakespeare, fundi wa glavu, baba yake William. Kundi la Malkia likatoka na shilingi 9, la Earl wa Worcester shilingi 1. Moja! William alikuwa na miaka 5. Hakuna aliyeandika kwamba alikuwepo, ila mtoto wa mkuu wa mji akose pa kukaa? Mimi siamini.

Halafu upepo ukageuka, watu wa msimamo mkali wa dini wakapata nguvu. Mwaka 1602 halmashauri ikapiga marufuku michezo humu ndani: kiongozi akitoa kibali, faini shilingi 10. Ilipofika 1612 faini ikawa pauni 10, na pauni moja enzi hizo ni shilingi 20, yaani mara 20! Na muda wote huo William ana jumba lake hapo tu, ukishavuka kanisa hili la jirani. Jamaa anaigiziwa mbele ya mfalme London, kwao maigizo ni kosa.

Ya 1622 ndiyo iliyoniacha hoi. Keshafariki, mwaka wa 6 huo. Kundi lake mwenyewe, la Mfalme, likaja. Daftari la hesabu za mji linasema walilipwa shilingi 6 kwa kutokucheza ukumbini. Chukueni nauli, kwaherini!

Haya, tupande juu. Huko kuna darasa ambalo inaaminika alisomea, na shule yenyewe bado ipo. Hiyo ni video ijayo, kwa hiyo sabskraibu kabisa.